Kabla Turubai Halijashushwa: Namna ya Kushughulikia Mali na Madeni ya Marehemu nchini Uganda

Mirathi nyingi nchini Uganda huharibika katika kikao kimoja, nacho ni kile cha ukoo kinachoketi siku chache baada ya mazishi, wakati wageni wa mbali hawajapanda basi bado na kila mtu anataka kujua nani atachukua nini kabla hajaondoka. Wanaoketi hapo si lazima wawe waporaji. Wengi wana nia njema, ila wanahofu kwamba wakishatawanyika mali itapotea. Kosa lao ni kuanza na jambo ambalo kisheria ndilo la mwisho. Sheria ya Mirathi ya Uganda, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022, inataka kwanza kifo kithibitishwe, kisha apatikane mtu mwenye mamlaka juu ya mali, kisha mali ikusanywe na madeni yalipwe, na kinachobaki ndicho kigawanywe. Katika kazi ya kuzisaidia familia za hapa Busia kujaza fomu na kufuatilia ofisi, nimeona kwamba familia inayokubali kungoja miezi michache humaliza mapema kuliko ile iliyogawana siku ya tatu, kwa sababu hii ya pili huishia kurudi nyuma na kuanza upya mbele ya hakimu.

Wiki ya kwanza ni ya kulinda

Kikao cha kwanza cha familia kiwe na ajenda moja tu: nani atatunza nyaraka na nani atalinda mali. Zikusanywe karatasi zote za marehemu, yaani kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa, hati za ardhi, makubaliano ya kununua kibanja (haki ya kukaa kwenye ardhi ya mwingine) hata kama yameandikwa kwa mkono, kadi za magari na pikipiki, taarifa za benki, kitabu cha SACCO au cha kikundi cha kuweka akiba, karatasi za mshahara na mikataba ya wapangaji. Iandikwe orodha, isainiwe na watu wawili au watatu wasiotoka upande mmoja wa familia, na kila mmoja abaki na nakala. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali ambapo maneno hayo ni ya kweli kama nyumbani kwa marehemu.

Simu ya marehemu inastahili uangalizi wa pekee. Isizimwe, wala laini isigawiwe mtoto. Humo ndimo zinamoingia jumbe za benki, kumbukumbu za mikopo ya simu, namba za wadaiwa wake na za wanaomdai, na mara nyingi ndiyo njia pekee ya familia kujua kwamba marehemu alikuwa na akaunti ambayo hakuwahi kuitaja. Wakati huohuo, kujua namba yake ya siri si ruhusa ya kutoa fedha. Salio lililo katika MTN MoMo au Airtel Money ni sehemu ya mirathi sawasawa na ng'ombe aliye zizini, na atakayelitoa na kulitia mfukoni ameingilia mali ya marehemu bila mamlaka.

Kuingilia huko ni jambo zito. Mtu anayeuza, anayekodisha au anayejichukulia mali ya marehemu kabla ya kupewa kibali cha mahakama anatenda kosa la jinai, mauzo yake hayasimami, na wadai pamoja na warithi wanaweza kumdai binafsi. Hata hivyo sheria haikuifunga familia mikono. Kuzika, kuhifadhi mali isiharibike, kulisha mifugo, kuvuna mazao yaliyokomaa na kukidhi mahitaji ya haraka ya wategemezi hakuhesabiwi kuwa kuingilia. Anayekusanya kodi ya nyumba katika kipindi hiki aandike risiti, na anayetumia fedha hizo kununulia posho aandike pia, kwa kuwa daftari hilo ndilo litakalomwokoa siku atakapoulizwa.

Cheti cha kifo

Mtu akifariki hospitalini, hospitali ndiyo inayotoa taarifa ya kifo. Akifariki nyumbani, familia ianze kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ipate barua, kisha ipeleke taarifa katika kata. Cheti chenyewe cha kifo hutolewa na NIRA, mamlaka ya taifa ya utambulisho na usajili, nacho ndicho kitakachoombwa na kila ofisi itakayofuata. Mtu asidanganyike kwamba karatasi ya hospitali inatosha. Hiyo ni taarifa tu, na benki itamrudisha nayo mlangoni.

Kinachochelewesha watu zaidi ni majina. Kitambulisho kinasoma hivi, hati ya ardhi ina jina la utotoni, mwajiri alimwandika kwa jina la dini, na benki ikabadilisha herufi moja. Kabla ya kuomba cheti cha kifo, familia iweke nyaraka zote mezani na kuyalinganisha majina. Panapotofautiana, lifanywe tamko la kiapo mbele ya kamishna wa viapo likieleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Nilipata kuifuatilia mirathi iliyokaa miezi minne kwa sababu ya herufi moja tu, na kazi ya kuirekebisha ilikuwa ya asubuhi moja. Baada ya cheti kupatikana, zitolewe nakala kadhaa zilizothibitishwa, na cheti halisi kisitoke mikononi mwa mtunza nyaraka.

Nani ana mamlaka

Hapa pana dhana mbili ambazo ni lazima ziondolewe kabla ya jambo lolote jingine. Ya kwanza inahusu yule ndugu wa karibu ambaye jina lake liliandikwa kwenye fomu ya benki au ya mwajiri. Wengi huamini kwamba aliyeandikwa hapo ndiye mwenye fedha. Sivyo. Huyo ni mtu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea, na kuandikwa kwake peke yake hakumpi umiliki wa chochote. Ya pili inahusu mrithi wa kimila, yule ambaye Waganda humwita omusika na ambaye husimikwa katika sherehe ya kumaliza msiba, okwabya olumbe. Ni cheo cha heshima: anakalia kiti cha marehemu katika ukoo na kuitwa kwa jina lake. Lakini kufunikwa kanzu ya gome na kukabidhiwa mkuki hakumfanyi mwenye nyumba, wala msimamizi wa mirathi, wala bosi wa mjane. Fungu lake kisheria, kama tutakavyoona, ni dogo mno.

Mwenye mamlaka anapatikana kwa njia mbili. Ikiwa marehemu aliacha wasia, mamlaka ni ya mtekelezaji aliyetajwa ndani yake, ambaye huuwasilisha mahakamani ili uthibitishwe. Kabla ya kusema kwamba wasia haupo, familia iulize kwa wakili wake, benki, kanisani au msikitini, na kwa rafiki aliyemwamini, kwani si wote wanaouficha chini ya godoro. Wasia wa kawaida unapaswa kuwa wa maandishi, uwe na saini ya marehemu na mashahidi wawili, na shahidi asiwe miongoni mwa wanaonufaika nao, la sivyo zawadi aliyoachiwa itabatilika.

Wengi hufa bila wasia, na hapo mlango wa kwanza ni ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, afisa wa serikali wa mambo ya mirathi, iliyo chini ya Wizara ya Sheria na Mambo ya Katiba mjini Kampala na yenye matawi mikoani, kama vile Gulu, Arua, Mbale na Mbarara. Familia huripoti kifo huko, ikiwa na cheti cha kifo, barua ya LC1, majina ya mjane na watoto wote pamoja na vitambulisho vyao, na orodha ya mali. Faili hufunguliwa, na kikao rasmi cha familia huitishwa. Kwa walio mbali na Kampala, mara nyingi huendeshwa na afisa mkuu tawala wa wilaya kwa niaba ya ofisi hiyo. Kikao hiki ndicho chenye uzito, si kile cha chini ya turubai. Watoto wote watajwe, waliozaliwa ndani ya ndoa na waliozaliwa nje, kwa kuwa sheria haiwabagui, na kumficha mmoja ni kupanda kesi itakayoota baadaye.

Mwishowe Kabidhi Wasii Mkuu, akiridhika, hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa wale ambao familia imewapendekeza. Mjane, mume au mke, hahitaji cheti hicho. Sheria inamruhusu kwenda mahakamani moja kwa moja, na marekebisho ya 2022 yanampa kipaumbele katika kusimamia mirathi. Nimewaona wajane wakizungushwa na mashemeji kwa mwaka mzima wakitafuta saini ambazo kisheria hawakuzihitaji. Hata hivyo, palipo na watoto wa mama zaidi ya mmoja, ushauri wangu ni kuweka wasimamizi wawili kutoka pande zote mbili. Watachelewa kukubaliana, lakini mmoja hataweza kuuza peke yake.

Ombi la barua za usimamizi, yaani kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi, hupelekwa Mahakama Kuu, au kwa hakimu ikiwa mirathi ni ndogo na haizidi kiwango ambacho hakimu huyo anaruhusiwa kukisikiliza. Tangazo hutolewa kwa umma, kwa kawaida gazetini, na siku 14 huachwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ndugu anayeona kwamba ombi lina hila asipige kelele msibani. Aweke pingamizi mahakamani ndani ya muda huo, na ombi litasimama hadi asikilizwe. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kwenda FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake kilichopo tangu 1974, au katika mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Mawakili cha Uganda.

Fedha na madeni

Barua za usimamizi zikishapatikana, msimamizi afungue akaunti mpya kwa jina la mirathi na kuingizia humo kila shilingi, bila kuichanganya na ya kwake hata kwa siku moja. Benki zitafunga akaunti ya marehemu mara zitakapoarifiwa na kuihamisha fedha baada ya kuona barua hizo na cheti cha kifo. Kampuni za simu hudai nyaraka za namna hiyohiyo. SACCO na vikundi vya akiba vina katiba zao, na baadhi huwa na mfuko wa rambirambi au bima ya mwanachama ambayo familia haiijui. Familia za wanajeshi waulizie Wazalendo SACCO, na za polisi Exodus SACCO, kwa kuwa marehemu wengi walikuwa wanachama bila kumwambia mtu nyumbani.

Aliyeajiriwa katika sekta binafsi huenda alikuwa na akiba katika NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambako mwajiri huchangia asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5. Mafao ya warithi yapo, na taarifa ya michango iombwe mapema ili ionekane kama mwajiri aliruka miezi. Kwa mtumishi wa umma, familia ianze kwa ofisi ya rasilimali watu ya wilaya au wizara aliyoitumikia, kwani huko ndiko faili la kiinua mgongo na pensheni ya wategemezi linakoanzia. Kwa mwanajeshi, ni Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Wanajeshi Wastaafu, Mbuya. Mawakala wanaojitokeza wakiahidi kuliharakisha faili kwa kupewa sehemu ya fedha waepukwe. Kufa kufaana, lakini si kwa kiasi hicho.

Madeni hulipwa kutoka katika mirathi, wala hayamrukii mtoto binafsi isipokuwa kama alikuwa mdhamini. Yanayotangulia ni gharama za mazishi na za ugonjwa wa mwisho, kisha gharama za kupata barua za usimamizi, kisha mishahara ya waliomfanyia kazi, ndipo yafuate madeni mengine. Kila anayedai alete ushahidi. Msibani hutokea wadai ambao marehemu hakuwafahamu. Na ikiwa palikuwa na mkopo wa benki, jambo la kwanza la kuuliza ni kama ulikatiwa bima ya maisha. Mikopo mingi ya mishahara hukatiwa, na mkopaji akifa bima ndiyo hulipa. Familia isiyouliza inaweza kuuza shamba ili ilipe deni ambalo lingelipwa na bima.

Nyumba na ardhi

Nyumba ambayo marehemu aliishi na familia yake haiingii katika mgawanyo kama mali nyingine. Inabaki kuwa makazi ya mjane na watoto, na kumfukuza humo, hata kwa jina la mila, ni kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani. Shemeji akija na kufuli, mjane aende polisi na kwa mwenyekiti wa LC1 siku hiyohiyo, asingoje kikao.

Kwa ardhi yenye hati, msimamizi hupeleka barua zake, cheti cha kifo na hati katika ofisi ya ardhi ya kanda inayohusika. Jina la msimamizi huandikwa kwanza katika rejista kwa niaba ya mirathi, na baadaye ndipo ardhi ihamishwe kwa warithi. Hatua hii ya katikati huwasumbua watu, kwani humdhania msimamizi kuwa ameinyakua ardhi. Ndiyo maana mrithi mwenye wasiwasi anaruhusiwa kuweka zuio katika rejista ya ardhi, ambalo humzuia yeyote kuihamisha bila yeye kuarifiwa. Ni karatasi ya gharama ndogo ukilinganisha na kesi ya kurudisha ardhi iliyokwisha kuuzwa mara tatu.

Katika Buganda wengi hawana hati bali wana kibanja juu ya ardhi ya mailo, yaani ardhi ya umiliki wa kudumu, ya mtu mwingine. Kibanja hurithiwa. Msimamizi amwarifu mwenye ardhi kwa maandishi, aonyeshe risiti za busuulu, yaani kodi anayolipwa mwenye ardhi, za miaka iliyopita, na aendelee kuulipa ili asije akaambiwa kwamba mpangaji amekufa na kibanja kimekufa naye. Kwa ardhi ya kimila, kama ilivyo sehemu kubwa ya Nile Magharibi na Acholi, mipaka ikaguliwe pamoja na wazee na majirani mapema, wakati wanaoijua bado wapo hai, na mchoro wake usainiwe.

Mafungu

Palipokosekana wasia, na marehemu ameacha mjane, watoto, wategemezi wengine na mrithi wa kimila, sheria kama ilivyorekebishwa mwaka 2022 inawapa watoto asilimia 75, mjane asilimia 20, wategemezi asilimia 4 na mrithi wa kimila asilimia 1. Tuseme baada ya kulipa madeni, na nyumba ya familia ikiwa imewekwa kando, zimebaki shilingi milioni 80. Watoto watapata milioni 60 wakagawana sawa, wa kike kwa wa kiume. Mjane atapata milioni 16, na kama wake ni zaidi ya mmoja watagawana fungu hilo. Wategemezi watapata 3,200,000, na mrithi wa kimila 800,000. Omusika akiwa pia mtoto wa marehemu atapata na fungu lake la mtoto, si zaidi.

Swali la mke ni la kuangaliwa kwa makini. Ndoa ya kanisani, ya serikali, ya Kiislamu au ya kimila inatosha, lakini kuishi pamoja peke yake, hata kwa miaka 20, hakumfanyi mtu mke wala mume kisheria. Aliyeishi hivyo hana fungu la mjane, ingawa watoto wake wana haki kamili, naye anaweza kudai kama mtegemezi au kuthibitisha mchango wake katika kununua mali. Mahari iliyolipwa na kuandikwa, pamoja na waliohudhuria, ni ushahidi wa ndoa ya kimila, utafutwe.

Familia za Kiislamu hupenda kugawa kwa faraidhi, na warithi wote watu wazima wakikubaliana kwa maandishi hakuna atakayewazuia. Lakini karatasi ya shehe haichukui nafasi ya barua za usimamizi mbele ya benki au ofisi ya ardhi. Zipatikane zote mbili, na wakati mjane anamaliza eda yake nyumbani, wengine wanaweza kuwa wanafuatilia cheti cha kifo. Mafungu ya watoto wadogo yasikabidhiwe mjomba mkononi. Kabidhi Wasii Mkuu ndiye pia Mdhamini wa Umma, naye anaweza kuyashika hadi wakue.

Muda na hesabu

Msimamizi ana miezi sita tangu alipopewa barua kuwasilisha mahakamani orodha kamili ya mali na madeni, na mwaka mmoja kuwasilisha hesabu ya alichopokea na alichotoa. Jambo ambalo wengi hawajalisikia ni kwamba, tangu marekebisho ya 2022, barua hizo zina uhai wa miaka miwili tu. Kazi isipokwisha, aombe kuongezewa muda kabla haujapita, maana atakayeendelea kuuza kwa barua zilizokwisha muda atakuwa kama yule aliyeuza bila barua.

Kwa sisi wa mpakani liko jambo moja la ziada. Marehemu aliyekuwa na kiwanja ng'ambo, upande wa Kenya, hahitaji kufunguliwa mirathi mpya tangu mwanzo huko. Barua zilizotolewa Uganda zinaweza kupelekwa Mahakama Kuu ya Kenya zikagongwa muhuri upya, na kinyume chake barua za Kenya zikaletwa hapa. Kila mrithi anapopokea fungu lake, popote alipo, asaini au aweke dole gumba mbele ya mashahidi, na karatasi hizo ziambatishwe kwenye hesabu ya mwisho inayopelekwa mahakamani, nakala moja ikibaki kwa mtunza nyaraka pamoja na ile orodha ya wiki ya kwanza.